Mkia uliokatwa: kisa cha obiti iliyokufa hatua ya 200

Alikuja ofisini mwangu saa kumi na moja jioni, mvua imemlowesha mabega, laptopu imefunguliwa mkononi kama sinia la chai. Hata hodi hakupiga vizuri.

"Mwalimu, Rolewicz alikosea," akasema. Kisha, baada ya kuketi: "Au nimekosea mimi. Lakini nimekagua mara tano."

Kwenye skrini kulikuwa na grafu moja, ya mfano maarufu wa mwanahisabati Rolewicz, iliyochorwa kwa vipimo vya logi. Mstari ulipanda tu, mnyoofu kama ngazi iliyoegemezwa ukutani, hadi hatua ya 199. Hatua ya 200 ulikatika. Nambari yenyewe ilikuwa sufuri, na sufuri haina logi. Hatua ya 201 sufuri, ya 202 sufuri, na kuendelea.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu kosa lenyewe ni zuri, na kwa sababu jibu langu la kwanza lilikuwa baya kuliko swali lake.

Mwanafunzi huyu wa uzamili alikuwa anaandika tasnifu kuhusu opereta haipasikliki (kwa Kiingereza, hypercyclic). Jina hilo lina mkosi katika lugha yetu: mtu akilisikia mara ya kwanza hudhani tunakanusha kitenzi, kwamba kuna kitu hakipasikliki. Maana yake ni hii. Chukua opereta ya mstari T, yaani kanuni inayogeuza vekta kuwa vekta nyingine huku ikiheshimu kujumlisha na kuzidisha kwa nambari, juu ya nafasi fulani ya vekta. Chukua vekta x, uipitishe kwenye T, ulichopata ukipitishe tena, na tena, bila kukoma. Orodha ya x, Tx, T²x, T³x na kuendelea ndiyo obiti ya x. Obiti hiyo ikiwa inakaribia kila vekta ya nafasi nzima, kwa ukaribu wowote utakaoutaja, tunasema imetapakaa. Haidaiwi ifike popote. Inadaiwa ipite karibu. Opereta yenye hata vekta moja tu ya namna hiyo ndiyo haipasikliki.

Mifano ya kwanza ilitoka kwa wanahisabati wawili: Birkhoff mwaka 1929, aliyehamisha fanksheni kutoka f(z) hadi f(z+a), na MacLane mwaka 1952, aliyetafuta derivativu tena na tena. Wote wawili walifanya kazi juu ya fanksheni za nambari changamano, katika nafasi ambayo haipimiki kwa urefu wa aina moja. Mfano wa kwanza ndani ya nafasi ya Banach, yaani nafasi isiyo na mapengo ambamo kila vekta ina urefu wake, ulitolewa na Stefan Rolewicz, Mpolandi, mwaka 1969, na ndio uliokuwa kwenye laptopu ile.

Mtu wa Nairobi hahitaji mchoro kuuelewa. Fikiria foleni ya matatu pale Railways saa kumi na mbili jioni. Wa mbele anapanda, anaondoka, hatumwoni tena. Kila aliyebaki anasogea hatua moja. Hiyo ndiyo opereta B: (x₁, x₂, x₃, …) inakuwa (x₂, x₃, x₄, …). Sasa ongeza jambo moja. Kila foleni inaposogea, pesa iliyo mfukoni mwa kila aliyebaki inaongezeka maradufu. Kama ni deni, nalo linaongezeka maradufu. Hiyo ni 2B. Foleni yenyewe haina mwisho, na ina sharti moja: ukichukua mraba wa pesa ya kila mmoja ukajumlisha yote, upate jumla yenye kikomo. Kipeuo cha pili cha jumla hiyo ndicho urefu wa vekta, na nafasi hiyo huandikwa ℓ².

Rolewicz alithibitisha kwamba λB, yaani B ikizidishwa kwa nambari yoyote λ badala ya 2, ni haipasikliki pale tu λ inapozidi 1 kwa ukubwa. Upande mmoja ni rahisi: ukubwa wa λ ukiwa 1 au chini yake, urefu hauongezeki kamwe, kwa hiyo obiti haiwezi kutembelea vekta ndefu kuliko ilikoanzia. Upande wa pili ndio kijana alitaka kuuona kwa macho. Alitaka mchoro wa obiti ikirandaranda, auweke katika sura ya pili ya tasnifu, ili msomaji aamini.

Alichofanya kilikuwa cha busara kwa mtazamo wa kwanza. Alichagua xₖ = 1/k, kwa kuwa jumla ya miraba yake inajulikana kuwa na kikomo. Kompyuta haibebi orodha isiyoisha, basi akachukua vipengele 200 vya mwanzo na kuacha vilivyobaki. Akatengeneza matrisi ya 200 kwa 200 ya 2B. Akazungusha. Urefu ulianza karibu na 1.28, na kufikia hatua ya 199 ulikuwa takriban 4×10⁵⁷. Hatua iliyofuata, hakuna kitu.

Nikamwambia ni makosa ya kukadiria desimali.

Hilo ndilo jibu ambalo sisi walimu huwa nalo mfukoni, na nilikosea kabisa. Nilimtuma akaongeze usahihi hadi tarakimu 100. Alirudi kesho yake asubuhi, macho mekundu, na grafu ileile bila tofauti ya nywele. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo ningepaswa kulikumbuka jana yake: kompyuta huhifadhi nambari kwa mfumo wa binari, na kuzidisha kwa 2 katika mfumo huo ni kubadilisha kipeo tu. Hakuna tarakimu inayopotea. Programu yake haikuwa na kosa la kukadiria katika hatua hata moja. Ilikuwa inasema ukweli mtupu kuhusu kitu kingine, ambacho si opereta ya Rolewicz.

Rudi kwenye foleni. Ukiikata baada ya watu 200, hatua 200 baadaye steji ni tupu. Haijalishi nani alikuwa na pesa ngapi, wala pesa zinaongezeka mara ngapi. Katika lugha ya matrisi, kizidisho cha matrisi ile yenyewe kwa yenyewe mara 200 ni matrisi ya sufuri. Kila vekta inauawa, na tarehe ya kifo inajulikana tangu mwanzo.

Hapo alinipinga, na pingamizi lake ndilo kiini cha kisa hiki. "Lakini Mwalimu, nilichokata ni kidogo! Tumefundishwa kwamba mkia wa mfuatano kama huu ni mdogo, na ukitaka usahihi zaidi unakata mbali zaidi."

Ni kweli tumemfundisha hivyo. Mimi mwenyewe nimemfundisha, muhula wa kwanza. Basi tuliketi tukaipima hoja yake kwa mfano unaompendelea zaidi. Chukua vekta ambayo vipengele vyake vinapungua kama 1/2ᵏ. Ukikata baada ya kipengele cha 200, unachotupa kina urefu wa karibu 2⁻²⁰⁰, yaani chini ya 10⁻⁶⁰. Mizani gani itakipima hicho? Sasa acha foleni isogee mara 200. Kila kilichokuwa mkiani kimezidishwa kwa 2²⁰⁰. Vumbi lile lililokuwa nyuma kabisa limefika mbele likiwa na ukubwa wa kawaida, na wale wote waliokuwa wanaonekana mwanzoni wameshapanda matatu wakaenda zao. Obiti ya hatua ya 200 na kuendelea imeandikwa yote ndani ya sehemu aliyoitupa.

Kwa hiyo vekta mbili zinaweza kufanana kwa tarakimu 60 leo, na baada ya hatua 200 zikawa hazijuani. Udogo wa mkia ni udogo wa sasa hivi. Kwa swali la "vekta hii iko wapi leo", kukata ni sawa. Kwa swali la "itakwenda wapi", kukata ni kuchoma barua kabla ya kuisoma.

Alikaa kimya kidogo. Halafu akaja na wazo la pili, ambalo nalipenda ingawa halifanyi kazi: tufunge foleni iwe duara. Anayetoka mbele arudi nyuma. Hakuna anayepotea, hakuna sufuri. Tulijaribu palepale. Bila shaka urefu unaongezeka maradufu kila hatua bila kikomo, na obiti inakimbia nje ya nafasi kama matatu iliyokatika breki kwenye mteremko. Haikaribii chochote mara ya pili.

Na hakuna ujanja wa tatu, kwa sababu katika dimensheni zenye kikomo jambo hili haliwezekani kabisa. Uthibitisho wake ni mfupi na inafaa kila mtu auone mara moja. Matrisi yoyote, ikigeuzwa safu zake kuwa nguzo, ina thamani maalumu, tuiite μ, ambayo huenda ikawa nambari changamano. Thamani hiyo huja na kipimo φ, kinachotoa nambari moja kwa kila vekta, kwa namna kwamba φ(Tx) ni μ mara φ(x). Basi nambari utakayosoma baada ya hatua n ni μⁿ mara nambari ya mwanzo. Mfuatano wa μⁿ una tabia tatu tu: unanyauka kuelekea sufuri, au unakimbia kwenda mbali, au unazunguka juu ya duara moja. Hakuna inayotapakaa. Kama kivuli cha obiti hakitapakai, obiti yenyewe itatapakaaje?

Katika ℓ² njia hiyo imefungwa. Opereta pacha ya 2B, ile inayolingana na kugeuza safu kuwa nguzo, inasogeza foleni nyuma na kuweka sufuri mbele, nayo haina thamani maalumu hata moja. Kwa hiyo hakuna kivuli cha kumsaliti Rolewicz. Hii ndiyo sababu matrisi ya 200, ya 2,000 au ya 2,000,000 zote zitakataa. Alipojaribu 2,000, kwa njia, hakufika hata theluthi moja ya safari. Baada ya hatua 500 na kitu miraba ya nambari zake ilizidi kiwango ambacho kompyuta inaweza kubeba, na skrini ikaandika kwamba urefu hauna kikomo.

Kulikuwa na kosa la pili limejificha chini ya la kwanza, na lingemng'ata hata kama angekuwa na kompyuta isiyo na mwisho. Vekta ya 1/k haifai. Theoremu inasema kuna vekta zenye obiti iliyotapakaa, haisemi zote. Tulikaa tukapitia zile ambazo mtu yeyote angezifikiria kwanza. Kwa 1/k, urefu unakua na kukua na haurudi. Kwa 1/3ᵏ, kila hatua inapunguza urefu kwa theluthi moja, na obiti inasinzia hadi sufuri. Na kwa 1/2ᵏ? Alikokotoa mwenyewe kwenye karatasi: (1/2, 1/4, 1/8, …) inasogea na kuwa (1/4, 1/8, 1/16, …), inazidishwa kwa 2, inakuwa (1/2, 1/4, 1/8, …). Aliinua macho. "Haijaenda popote."

Haijaenda popote. Moja inaruka, moja inakufa, moja inasimama palepale. Na ajabu ni kwamba vekta zenye obiti iliyotapakaa ndizo nyingi: kwa maana ya wingi aliyoiweka mwanahisabati Baire, zile zisizofaa ni kundi hafifu. Ila huwezi kuzipata kwa fomula safi ya shule, kwa sababu fomula safi inafanya mkia ufanane na kichwa. Vekta tunayoitaka lazima mkia wake ubebe habari mpya daima.

Marekebisho yalitoka hapo. Chukua xₖ = gₖ/2ᵏ, ambapo kila gₖ ni nambari ya kubahatisha kutoka mgawanyo wa kawaida, ule wa umbo la kengele, kila moja ikichotwa bila kujali nyingine. Baada ya hatua n, T imezidisha kwa 2ⁿ na kusogeza kwa n, na kinachobaki ni (gₙ₊₁/2, gₙ₊₂/4, gₙ₊₃/8, …). Angalia uzuri wake. Umbo ni lilelile, ila bahati nasibu ni mpya. Kila hatua ni kama kurusha kete upya.

Kwa nini inatapakaa? Taja vekta unayoitaka na kosa unalovumilia. Vipengele vichache vya mwanzo ndivyo vyenye uzito, tuseme 20. Uwezekano kwamba g 20 mfululizo zitaangukia karibu na unachotaka, na zinazofuata zisiharibu, ni mdogo lakini si sufuri. Na nafasi za kujaribu hazina mwisho. Kitu chenye uwezekano hata kidogo, kikijaribiwa bila kikomo na kwa kujitegemea, hutokea. Vekta za kulenga zinazotosha ni zile za nambari za sehemu zenye vipengele vichache, ambazo zinahesabika, yaani zinaweza kupangwa moja moja kwenye orodha, kwa hiyo zote zinapatikana kwa x ileile moja.

Na hapa kompyuta inaweza kusaidia kwa uaminifu, kwa sharti kwamba hatukati foleni. Tunabeba vipengele 60 vya mbele tu, na kila foleni inaposogea tunachota g mpya na kumsimamisha mtu mmoja nyuma. Tusichokiona kina ukubwa wa karibu 2⁻⁶⁰ wakati huo, na hakitupwi: kitaingia zamu yake ikifika. Tulilenga (1, 1/2, 0, 0, …) kwa kosa la 0.25. Kabla ya hatua ya 1,000 obiti ilikuwa imepita hapo zaidi ya mara moja. Katika hatua 10,000, makumi ya mara. Kijana alicheka kwa sauti, na nadhani jirani yangu wa ofisi alidhani tunaangalia mpira.

Halafu alilenga (3, 0, 0, …), akangoja, akaagiza chai, akangoja. Ili kipengele cha kwanza peke yake kiwe kati ya 2.9 na 3.1, g lazima iwe kati ya 5.8 na 6.2, na hilo hutokea kwa wastani mara moja katika hatua milioni 330. Theoremu inaahidi kufika karibu. Haitaji saa.

Njiani kuelekea steji aliniuliza jambo ambalo nilifurahi amelifikia mwenyewe. Je, kunaweza kuwa na obiti inayotapakaa mtaa mmoja tu? Inaingia kila kichochoro cha Westlands lakini haijawahi kukanyaga Embakasi? Inaelekea kuwa jambo la kawaida, na katika mifumo mingi isiyo ya mstari ni kawaida kweli. Kwa opereta za mstari, Bourdon na Feldman walithibitisha mwaka 2003 kwamba haliwezekani. Obiti ikiujaza mtaa mmoja, hata mdogo kiasi gani, imeujaza mji wote. Mimi binafsi naona hii ndiyo theoremu ya kushangaza kuliko zote katika eneo hili, kuliko hata ile ya Ansari na Bernal-González ya miaka ya 1990, kwamba kila nafasi ya Banach yenye dimensheni zisizo na kikomo, ikiwa na seti inayohesabika iliyotapakaa, ina opereta haipasikliki ya kwake.

Mchoro uliingia kwenye tasnifu kama Mchoro wa 3, na chini yake akaandika: "Sehemu ya obiti ya vekta haipasikliki ya 2B." Nikapitisha.

Siku ya kutetea, mmoja wa watahini, mtu mpole anayependa kuuliza huku amefumba macho, aliuliza swali moja tu kuhusu ukurasa huo. "Huyu mtu unayemsimamisha nyuma ya foleni kila hatua, unamtoa wapi?"

Kijana akajibu kwamba ni kutoka kwa kizalishi cha nambari za kubahatisha cha Python.

"Nacho kinajirudia baada ya hatua ngapi?"

Kizalishi hicho cha kawaida cha Python hujirudia baada ya 2¹⁹⁹³⁷ − 1. Nambari hiyo ina tarakimu 6,002, na hakuna kompyuta itakayowahi kuifikia. Lakini ina mwisho. Na kama g zinajirudia, basi x inajirudia pia: baada ya hatua nyingi zisizosemeka, T inairudisha x pale ilipoanzia, kama ile ya 1/2ᵏ iliyofanya hivyo kwa hatua moja. Vekta inayojirudia ina pointi zenye kikomo katika obiti yake, na pointi zenye kikomo hazitapakai.

Niliona shingo ya kijana ikilegea, kisha ikanyooka. Alisema kwamba Godefroy na Shapiro walionyesha mwaka 1991 kwamba vekta za kujirudia za opereta kama hii zenyewe zimetapakaa katika nafasi nzima, kwa hiyo karibu na kila vekta haipasikliki kuna ya kujirudia inayofuatana nayo kwa muda mrefu tunaoutaka. Mchoro, akasema, ni wa mojawapo ya hizo. Mtahini akafumbua macho, akatikisa kichwa kukubali, akafungua ukurasa uliofuata.

Katika nakala ya mwisho, iliyofungwa kwa jalada jeusi, maelezo chini ya Mchoro wa 3 yanasomeka: "Sehemu ya obiti ya vekta ya kujirudia ya 2B, yenye kipindi kisichofikika."